Tone la Damu Kisiginoni: Maisha ya Robert Guthrie

Mtoto akizaliwa leo Marekani, Uingereza au Japani, siku chache hazipiti kabla hajachomwa kisiginoni kwa kijisindano. Analia kidogo, damu inabonyezwa, matone machache yanaachwa yanywe kwenye karatasi nene yenye miduara, kadi inaanikwa ikauke, inatiwa kwenye bahasha na kutumwa maabara. Wazazi wengi wanasahau kama jambo hilo lilifanyika, maana majibu yakiwa mazuri hakuna anayepiga simu. Lakini katika kila watoto elfu kumi hivi, kuna nyumba moja inapigiwa simu, na simu hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto yule atakwenda shule au ataishi maisha yake yote akilishwa na kuvalishwa na wengine.

Mtu aliyeyaleta haya hakuwa daktari wa watoto. Alikuwa mtu wa bakteria, kazi yake ilikuwa kwenye saratani, na huku alivutwa na mambo ya nyumbani kwake mwenyewe.

Robert Guthrie alizaliwa tarehe 28 Juni 1916 katika mji mdogo wa Marionville, jimbo la Missouri, akakulia Minneapolis kule Minnesota. Ujana wake uliangukia ile miaka ya 1930 ambayo uchumi wa Marekani ulikuwa umelala chini kabisa, lakini shule hakuiacha. Alisoma, akasoma tena, akaongeza. Alipomaliza alikuwa na shahada ya udaktari wa tiba na nyingine ya uzamivu, tena bila kupenda sana kukaa kliniki na kuandikia watu dawa. Moyo wake ulikuwa kwenye visahani vya maabara. Wapo wenzetu wa namna hiyo hapa chuoni. Unawakuta maabara saa ambazo wengine tunawaza mechi.

Alimwoa Margaret, wakapata watoto sita. Wa pili, mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa na ulemavu wa akili. Hapa inabidi tukumbuke zama zenyewe. Katika Marekani ya miaka ile, mzazi wa mtoto kama huyo alishauriwa na madaktari, kwa upole kabisa, ampeleke kwenye taasisi, amwache huko, arudi nyumbani azae mwingine. Taasisi hizo zilijaa maelfu ya watu. Familia zilificha. Hata Pearl Buck, mwandishi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1938, alikaa miaka mingi kabla ya kuandika hadharani, mwaka 1950, kuhusu binti yake ambaye akili yake haikukua. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba binti yule alikuwa na ugonjwa huuhuu tunaouzungumzia.

Guthrie na mkewe hawakuficha. Walipohamia Buffalo, jimbo la New York, ambako yeye alifanya kazi katika taasisi ya saratani ya Roswell Park, walijiunga na chama cha wazazi wenye watoto wenye ulemavu wa akili, naye akawa mmoja wa viongozi wa tawi. Chanzo cha ulemavu wa mwanae hakikuwahi kujulikana. Ukilisoma hilo haraka unaweza kulipita, ila mimi naona ndilo la kushika: kila alichokuja kugundua hakikuweza kumsaidia mwanawe hata chembe, na alilijua hilo tangu mwanzo.

Sasa tuuangalie ugonjwa wenyewe, maana bila kuuelewa hutaona ujanja wa bwana huyu ulikuwa wapi.

Mwaka 1934 huko Norwei, mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili wenye ulemavu wa akili alimwendea daktari Asbjørn Følling. Alikuwa amezunguka kwa madaktari wengi akiuliza swali moja: mbona mkojo wa watoto wangu una harufu ya ajabu? Wote walikuwa wamempuuza. Følling, aliyekuwa mtu wa kemia pia, alidondoshea mkojo ule kemikali iitwayo feri kloridi, na badala ya rangi aliyoitarajia ikatokea kijani. Kwa kufuatilia kijani kile aligundua ugonjwa ulioitwa baadaye fenilketonuria, kwa kifupi PKU.

Ni hivi. Protini tunayokula, iwe ya nyama, maharage, samaki au maziwa, humeng'enywa ikawa asidi amino. Moja ya hizo ni fenilalanini. Kwenye ini kuna kimeng'enya kinachoigeuza fenilalanini kuwa tirosini. Wenye PKU wana jeni mbovu ya kimeng'enya hicho, waliyoirithi kwa baba na kwa mama pia, ambao wao wenyewe ni wazima kabisa kwa sababu kila mmoja ana nakala moja iliyo nzuri. Wazazi wa namna hiyo wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa. Basi fenilalanini inarundikana kwenye damu na kuuharibu ubongo unaokua.

Kinachouma ni kwamba mtoto huzaliwa mzima. Akiwa tumboni, mwili wa mama humsafishia damu yake. Sumu inaanza kujaa pale anapoanza kunyonya, yaani maziwa yaleyale ya mama ndiyo yanayomdhuru, na kwa nje haonekani kuwa na tatizo lolote. Miezi inapita. Mama anakuja kushtuka kwamba mtoto hakai, hatambui, na hapo akili imekwisha kupotea na hairudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Horst Bickel na wenzake walioko Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba mtoto akipewa chakula kilichopunguzwa fenilalanini hali yake inakuwa nafuu. Tiba ilikuwa imepatikana basi, ila ilitakiwa ianze wiki za mwanzo kabisa za maisha. Na kipimo kilichokuwepo kilikuwa ni kilekile cha Følling, cha mkojo, ambacho mara nyingi hakionyeshi kitu mpaka mtoto afikishe wiki sita au nane. Tiba ya mapema na kipimo cha kuchelewa! Ni kama zimamoto wanaoitwa nyumba ikiwa imebaki majivu.

Mwaka 1957 daktari Robert Warner wa hospitali ya watoto ya Buffalo, aliyekuwa akiwahudumia watoto wenye PKU waliowekwa kwenye chakula maalumu, alimweleza Guthrie shida yake. Alihitaji njia rahisi ya kupima kiasi cha fenilalanini katika damu ili ajue kama chakula kinafanya kazi. Njia iliyokuwepo ilikuwa ngumu, ya gharama, na ilihitaji damu nyingi kuivuta kwenye mshipa wa mtoto mdogo.

Guthrie hakuhitaji muda mrefu kupata jibu, kwa sababu jibu tayari lilikuwa mezani kwake. Kule kwenye saratani alikuwa akitumia bakteria kupimia vitu katika damu ya wagonjwa. Alimchukua bakteria wa udongo, Bacillus subtilis, asiye na madhara, akamwotesha kwenye sahani ya aga iliyotiwa kemikali inayofanana na fenilalanini. Kemikali ile humlaghai bakteria na kumzuia asikue. Lakini fenilalanini halisi ikiwepo kwa wingi, inaishinda ile ya kuiga, na bakteria anakua. Kwa hiyo ukiweka kipande kidogo cha karatasi chenye damu juu ya sahani, ukalaza usiku mmoja kwenye joto, asubuhi unasoma tu kwa macho. Damu ya kawaida haina kitu pembeni yake. Damu yenye fenilalanini nyingi imezungukwa na utando wa bakteria kama mwezi uliovaa duara, na duara likiwa kubwa zaidi, basi kiasi nacho ni kikubwa zaidi. Sahani moja inabeba damu za watoto kadhaa wa kadhaa, pamoja na vipande vya kulinganishia vyenye kiasi kinachojulikana. Huhitaji mashine wala profesa wa kuisoma.

Hapo bado lilikuwa wazo la kufuatilia wagonjwa wanaojulikana. Kilicholigeuza ni habari ya mwaka 1958: mtoto wa dada yake Margaret, kule Minnesota, alibainika kuwa na PKU akiwa na miezi kumi na mitano. Alikuwa amechelewa. Mjomba mtu ana kipimo maabara, mtoto wa ukoo wake anapotea kwa kukosa kipimo. Kuanzia hapo swali lake likawa lingine kabisa, si tena kuwafuatilia wagonjwa bali kuwapima watoto wote wanaozaliwa, wazima na wagonjwa, kabla dalili yoyote haijaonekana. Mwaka huohuo aliiacha kazi ya saratani, akahamia hospitali ya watoto ya Buffalo.

Ili kupima wote ilibidi damu iwe kidogo na isafiri. Ndipo ikaja ile karatasi. Badala ya chupa ya damu inayotaka barafu na gari, matone machache ya kisiginoni yakikaushwa kwenye karatasi ya kuchujia yanaweza kwenda kwa posta, yaani stempu tu. Naomba nitoe maoni yangu hapa: tunasifu bakteria, lakini karatasi ndiyo fikra kubwa zaidi. Bakteria aliwafaa watu wa maabara. Karatasi iliiondoa maabara mjini ikaifikisha kwa kila mkunga.

Alikijaribu kipimo kwenye moja ya zile taasisi kubwa za jimbo la New York. Kiliwakamata wagonjwa wote wa PKU waliokuwa wakijulikana pale, na juu yao wengine ambao kipimo cha mkojo kilikuwa kimewapitia pembeni miaka yote.

Wakati huo siasa nayo ilikuwa inasogea. John Kennedy, ambaye dada yake alikuwa na ulemavu wa akili, alikuwa Ikulu. Mwaka 1961 chama cha wazazi kiliwapeleka kwake watoto wawili wa kike wa familia moja, wote wenye PKU, wapigwe naye picha. Mkubwa aligundulika akiwa amechelewa, mdogo aligundulika mapema kwa sababu ya dadaye. Mmoja ana ulemavu, mwingine hana. Sidhani kama kuna mhadhara ungeweza kufanya kazi ya picha ile.

Mwaka 1962, kwa fedha za serikali kuu, jaribio kubwa likaanza. Guthrie na timu yake walitengeneza vifaa wenyewe Buffalo na kuvisambaza. Zaidi ya watoto 400,000 wa majimbo 29 walipimwa, wakapatikana 39 wenye PKU. Massachusetts, chini ya Robert MacCready wa maabara za afya za jimbo hilo, ilitangulia mbele ya wote, na mwaka 1963 ikapitisha sheria. Mwaka huohuo ndipo makala ya kisayansi ya Guthrie na mwenzake wa maabara Ada Susi ilipotoka katika jarida la Pediatrics. Angalia mpangilio: watoto walianza kupimwa kwanza, makala ikafuata.

Na hapo ndipo palipozuka vita. Madaktari wengi hawakufurahia. Wengine walikataa kuamrishwa na wabunge jinsi ya kutibu. Wengine, na hawa walikuwa na hoja, walisema utafiti bado haujakamilika. Wazazi kupitia vyama vyao waliona kila mwezi wa kusubiri ni watoto wanaopotea, wakawabana wabunge jimbo kwa jimbo. Guthrie alisimama na wazazi. Kufika miaka ya mwanzo ya 1970, majimbo mengi sana yalikuwa na sheria.

Tusijifanye kwamba wale wenye wasiwasi walikuwa wabaya tu. Ilikuja kuonekana kwamba si kila mtoto mwenye fenilalanini ya juu ana PKU. Wapo ambao kiasi chao ni cha juu kidogo na hakiwadhuru, na miaka ile ya mwanzo baadhi yao waliwekwa kwenye chakula kikali cha kubana protini ambacho hawakukihitaji. Mtoto anayekua ukimnyima protini unamuumiza. Vilevile iliaminika kwamba mtu anaweza kuacha chakula maalumu akifika umri wa shule. Ikaja kujulikana kwamba si kweli. Na wasichana waliookolewa walikua, wakaolewa, wakapata mimba huku damu yao imejaa fenilalanini, na watoto wao ambao hawakurithi ugonjwa wakazaliwa na ubongo ulioharibika tumboni. Hakuna aliyekuwa amelitarajia vizuri hilo, maana kabla ya hapo wanawake wenye PKU hawakuwa wakifika umri huo wakiwa na akili timamu na familia. Kwa hiyo kipimo kilimaliza tatizo moja na kufungua mengine, na hayo nayo yakatakiwa kusomwa upya.

Sehemu nyingine ya maisha yake ambayo wanafunzi tunapaswa kuijua, hasa tunaoandika miradi kwa fedha za umma, ni ile ya hataza. Mahitaji ya vifaa yalipozidi uwezo wa timu yake, Guthrie aliomba hataza ya kipimo na kuingia mkataba na kampuni ya dawa, Miles, iwe ndiyo pekee ya kukitengeneza na kukiuza. Yeye mwenyewe hakutaka hata senti. Mrabaha ulipangwa uende kwenye vyama na mifuko ya kusaidia watoto. Alidhani amemaliza.

Kisha akaiona bei. Seti ya vipimo 500 ambayo yeye na watu wake walikuwa wakiitengeneza Buffalo kwa dola 6 hivi, kampuni ilitaka kuiuza kwa dola 262. Hesabu hiyo ni zaidi ya mara arobaini! Guthrie alishtuka. Aliwaendea wakubwa wa serikali, akapinga mkataba alioutia saini kwa mkono wake mwenyewe, na suala likafika hadi kwenye Baraza la Seneti, ambako maseneta walihoji inakuwaje kitu kilichotafitiwa kwa kodi za wananchi kigeuzwe mali ya kampuni moja. Mwishowe serikali iliamua kwamba uvumbuzi ule ni wa umma. Majimbo yakaendelea kutengeneza vifaa vyao kwa bei ya chini. Wengine husema Guthrie alikuwa mtu asiyejua biashara. Labda. Lakini alijua bei ya aga na karatasi, na hicho kilitosha.

Hakuishia kwenye PKU. Kwa kubadilisha bakteria na kemikali, yeye na wenzake walitengeneza vipimo vya magonjwa mengine ya kurithi, kama galaktosemia na ule ugonjwa ambao mkojo wa mtoto hunukia sukari iliyoungua, vyote kutoka kwenye karatasi ileile moja. Miaka ya 1970 huko Quebec, Kanada, Jean Dussault alitumia karatasi hiyo kupima upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi kwa watoto wachanga, tatizo linalotokea mara nyingi kuliko PKU na ambalo kidonge kimoja kwa siku kinalizuia lisiharibu akili. Guthrie alisafiri nchi nyingi akiwafundisha watu bila kuwadai. Uzeeni alijiingiza kwenye kampeni nyingine, ya madini ya risasi yanayowadhuru watoto kupitia rangi za nyumba na moshi wa petroli. Ukiangalia ni kazi ileile: kumzuia mtoto asipoteze akili ambayo amezaliwa nayo.

Alifariki Seattle tarehe 24 Juni 1995, zikiwa zimebaki siku nne atimize miaka 79.

Bakteria wake amestaafishwa. Miaka hiyohiyo ya 1990 zilianza kuingia mashine zinazosoma makumi ya magonjwa kwa mpigo kutoka kwenye kijitone kimoja, na sahani za aga zikaondoka taratibu. Karatasi imebaki. Ukienda kliniki ya mama na mtoto hapa kwetu Afrika Mashariki utaikuta, si kwa ajili ya PKU, bali kupima virusi vya UKIMWI kwa watoto waliozaliwa na mama wenye maambukizi. Uganda walifanya jambo la akili sana: mwaka 2014 na 2015 walichukua kadi hizohizo zilizokwisha kutumika kwa kipimo cha virusi, karibu 100,000, wakazipima tena selimundu. Walikuta watoto 13 katika kila 100 wanabeba jeni hiyo, na 7 katika kila 1,000 ni wagonjwa kabisa.

Kwetu Tanzania inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa kila mwaka na selimundu. Hao ni wengi mno ukilinganisha na wale 39 waliopatikana Marekani katika watoto 400,000. Ukimjua mapema mtoto wa namna hiyo unampa penisilini na chanjo, unamfundisha mama yake dalili za hatari, na anakuwa na nafasi nzuri ya kuvuka miaka mitano ya mwanzo. Upimaji wa watoto wachanga umekwisha kufanyika hapa nchini kwa majaribio, Muhimbili kule Dar es Salaam na Bugando kule Mwanza, kwa tone la damu ya kisiginoni na kadi. Watoto wengi wanaozaliwa nje ya hospitali hizo bado hugundulika pale wanapoletwa na mikono iliyovimba na damu iliyokwisha, na wapo wasiogundulika kabisa.